Risala ya Mafundi Simu, Mawakala na Watumiaji wa Simu Janja wa Kariakoo kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Mawasiliano

Mheshimiwa Waziri,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Ilala,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi,
Viongozi wa dini na wa serikali za mitaa,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Serikali ilipozima simu bandia Juni 16, 2016, tulitii, ingawa wengine walibaki na mzigo usiouzika dukani. Ilipoagiza laini zisajiliwe kwa alama za vidole, tulipanga foleni juani hadi muda ulipokwisha Januari 2020. Kwa moyo huohuo wa utii tunaomba kuwasilisha kero zetu sita, kila moja na ombi lake.

1. Simu kuuzwa bila kutajwa muda wa ulinzi. Simu nyingi za bei nafuu hupata masasisho ya usalama kwa muda mfupi, kisha mtengenezaji huachana nazo. Tundu la kiusalama katika programu ya simu likigunduliwa baada ya hapo halizibwi, na mwenye simu hana habari. Boksi humweleza ubora wa kamera, uwezo wa betri na ukubwa wa kioo. Siku ambayo ulinzi utakoma haimo. Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, inawalazimisha watengenezaji kuutangaza muda huo. Tunaomba nasi kila simu inayoingizwa nchini iandikwe kwenye boksi, kwa Kiswahili, ulinzi wake unaisha lini.

2. Masasisho kula bando. Sasisho moja la simu laweza kumaliza bando ambalo mtu alipanga limfikishe mwisho wa wiki. Ndiyo maana mteja anapokuja kubadilishiwa kioo huongeza na maneno haya: "Fundi, na hiyo kitu ya kujipakua yenyewe nizimie." Tunamzimia, huku tukijua kwamba tumemwacha wazi. Tunaomba Mamlaka ikubaliane na kampuni za simu ili masasisho ya usalama yasikatwe kwenye bando.

3. Alama ya kidole kutumika mara mbili. Baadhi ya wasajili wasio waaminifu humwambia mteja, "Mama, haijasoma, weka tena." Kidole cha kwanza kimesajili laini yake, cha pili kimesajili laini ya mtu mwingine. Laini hiyo ikishatuma ujumbe wa kitapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii", anayetafutwa ni mama wa watu aliyekwenda kununua laini moja. Tunashukuru kwamba *106# humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, lakini wengi huigundua wakiwa tayari matatani. Tunaomba laini mpya isifunguliwe mpaka mwenye kitambulisho athibitishe kupitia laini aliyonayo.

4. Taarifa za wateja kukaa hadharani. Hapa tunajisema sisi wenyewe. Daftari la wakala hukaa kaunta likiwa wazi, na ndani yake mna majina, namba za simu na viasi vya fedha. Simu iliyoletwa kutengenezwa hubandikwa karatasi mgongoni yenye namba ya siri, ikalala mezani mchana kutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ikazinduliwa Aprili 3, 2024, ila wengi wetu tunaisikia sheria hiyo kama habari ya benki na makampuni. Tunaomba Tume itoe mwongozo mfupi wa Kiswahili kwa biashara ndogo, na maofisa wake watupitie vibandani kutuelekeza kabla ya kutuadhibu.

5. Hofu ya kusikilizwa. Mwaka 2019 mazungumzo ya simu ya vigogo wa chama tawala yalisambaa mitandaoni, na raia wa kawaida akajiuliza yeye atapona vipi. Mwaka 2024, katika baraza la migogoro ya kazi jijini London, ilielezwa kwamba kampuni moja ya simu ilizipatia mamlaka za hapa nchini taarifa za simu na mahali alipokuwa mwanasiasa wa upinzani, Mheshimiwa Tundu Lissu, katika wiki zilizotangulia kupigwa kwake risasi Dodoma, Septemba 7, 2017. Basi watu wamekuwa makundi mawili. Mmoja husema hana cha kuficha. Mwingine, hata mkizungumzia kiwanja cha urithi, hukatisha: "Haya si ya kwenye simu, njoo nyumbani." Wote wameshazoea kwamba hakuna wa kuwalinda. Hatupingi wahalifu kufuatiliwa, maana wanaoibiwa ni sisi. Lakini Ibara ya 16 ya Katiba inayapa hifadhi mawasiliano ya mtu, ilhali Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa. Tunaomba amri hiyo, pamoja na ya kunasa mawasiliano, itolewe na mahakama, na kila mwaka itangazwe ni maombi mangapi yaliletwa na mangapi yalikataliwa.

6. Matundu kufanywa siri. Mwaka 2019 programu ya kijasusi ya Pegasus iliingizwa katika simu za watu wapatao 1,400 duniani kwa kupigiwa tu kupitia WhatsApp, hata wasipopokea. Kampuni iliyoitengeneza ilisema huwauzia serikali pekee. Tatizo ni kwamba mlango usio na komeo haumchagui anayeingia: tundu linaloachwa ili ofisa apite, tapeli naye atalipitia. Tunaomba chombo chochote cha Serikali kitakachogundua tundu la simu kilifikishe kwa mtengenezaji lizibwe, na TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama mtandaoni, kitutahadharishe kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili, ili hata mwenye simu ya mkopo aelewe la kufanya.

Mheshimiwa Waziri, kwa upande wetu tunaahidi kufunga madaftari na kuacha kubandika namba za siri mgongoni mwa simu. Mengine yaliyobaki yako ndani ya uwezo wa ofisi yako na Bunge, nasi tunaomba tutajiwe tarehe ya kupewa majibu. Tumevumilia kwa sababu tunaamini Serikali ikishaelezwa jambo hulifanyia kazi.

Mungu ibariki Tanzania. Tunaomba kuwasilisha.