Tumbo likifunga, jaribu plamu kavu

Kuna maradhi ambayo watu huyasimulia hadharani, na kuna yale ambayo mtu huyaficha hata mwenziwe wa ndoa asiyajue. Mtu atakuambia waziwazi kwamba ana malaria au kwamba mgongo unamwuma. Lakini muulize ni lini alipokwenda haja kubwa mara ya mwisho, nawe utamwona akitazama kando. Uyabisi wa tumbo, au kufunga choo kama wengi wetu tunavyouita, ni miongoni mwa maradhi hayo ya siri.

Ndiyo sababu, mpenzi msomaji, juma hili tumeamua kulizungumza jambo hili bila ya kuzungukazunguka. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Hebu mfikirie mama mkwe wako, au nyanya wa watoto wako, ambaye amehamia kwako kutoka mashambani. Meno yamepungua, kwa hivyo ameacha mboga na matunda, na sasa anategemea chai, mkate mweupe na wali laini. Jioni hanywi maji, maana anaogopa kuamka usiku na kujikwaa gizani. Magoti yanamsumbua, na vidonge alivyopewa vya maumivu vina kodeini, dawa ambayo hufunga choo. Mambo hayo yote yakikutana, tumbo litakosaje kufunga?

Kwa kuwa anaona haya kukuambia, anamtuma mjukuu dukani kwa siri akamnunulie sanamaki au chumvi ya haluli. Siku hiyo tumbo linaendesha mpaka analegea. Kisha linafunga tena siku nne, naye anarudia haluli. Hatari iko hapo. Dawa kali za kuharisha humpotezea mzee maji na chumvi za mwilini, na haluli yaweza kumdhuru vibaya mtu ambaye figo zake ni dhaifu. Akiacha dawa, hujikamua chooni hadi akapata bawasiri au kuona kizunguzungu.

Je, hakuna njia ya upole zaidi? Ipo, na mojawapo ni tunda dogo jeusi lenye makunyanzi ambalo huenda umeliona katika duka kubwa ukalipita: plamu kavu.

Plamu kavu ni plamu za kawaida zilizokaushwa, lakini si kila plamu hukauka vyema. Zinazofaa ni zile za jamii ya Ulaya, zenye sukari nyingi, ambazo zaweza kukaushwa zikiwa na kokwa yake bila ya kuchacha. Wafaransa wa eneo la Agen wamesifika kwazo kwa karne nyingi. Mnamo 1856 miche ya plamu hizo ilipelekwa California, Marekani, na ndugu wawili Wafaransa wa ukoo wa Pellier, na leo jimbo hilo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Hapa kwetu plamu hukua katika nyanda za juu zenye baridi kama vile Limuru, Kinangop na Molo, lakini aghalabu ni za jamii nyingine, zenye maji mengi, za kuliwa mbichi. Plamu kavu tunazonunua hutoka ng'ambo. Aidha, inahitajika kilo tatu hivi za plamu mbichi ili kupata kilo moja ya kavu. Usishangae basi ukiona bei yake imepanda.

Sasa, tunda hili lina nini? Kwanza lina nyuzinyuzi, takriban gramu 7 katika kila gramu 100. Nyuzinyuzi hizi hazisagwi tumboni. Hufyonza maji na kukifanya choo kiwe laini na kingi, na hivyo kuupa utumbo kitu cha kusukuma. Pili, lina sukari ya aina ya pekee iitwayo sobitoli, kiasi cha gramu 15 katika gramu 100. Mwili hauwezi kuifyonza sobitoli yote, kwa hivyo inayobaki huvuta maji na kuyaingiza ndani ya utumbo. Ndiyo maana plamu kavu hufanya kazi kuliko matunda mengi yenye nyuzinyuzi kiasi hicho hicho.

Haya si maneno ya vijiweni tu. Mnamo 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 40 waliokuwa na tatizo la kufunga choo. Kwa majuma matatu walikula gramu 50 za plamu kavu mara mbili kwa siku, na kwa majuma mengine matatu walitumia unga wa maganda ya silyumu, ambao madaktari huupendekeza sana. Plamu zilishinda: watu walienda haja mara nyingi zaidi na choo kilikuwa laini zaidi. Nao Umoja wa Ulaya, mwaka 2013, uliwaruhusu wauzaji kuandika kwamba plamu kavu husaidia utumbo kufanya kazi yake sawasawa, mradi mtu ale gramu 100 kwa siku.

Tena kuna faida nyingine ambayo wanawake waliokoma hedhi yafaa waisikie. Wakati huo mifupa huanza kupungua nguvu upesi, na mama akianguka, nyonga huvunjika. Mnamo 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, ambao walikuwa wamewaandikisha wanawake 235 wa umri huo, walieleza kwamba wale waliokula gramu 50 za plamu kavu kila siku kwa mwaka mmoja walihifadhi uzito wa mfupa wa nyonga, ilhali wale wasiokula waliupoteza. Hii haina maana kwamba plamu ni badala ya dawa za mifupa. Ni msaada tu, pamoja na maziwa, omena, jua na kutembea.

Bila shaka utauliza, zaliwa vipi? Usianze na pakiti nzima! Mtu mzima aanze na tatu kwa siku, kisha aongeze polepole hadi tano au sita, ambazo ni karibu gramu 50. Ukizivamia, tumbo litajaa gesi na kukukata, nawe utamlaumu mwandishi bure. Kwa mzee asiye na meno, ziloweke usiku katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Asubuhi toa kokwa kama zipo, uziponde katika uji, na yale maji pia ayanywe. Unaponunua, soma pakiti uhakikishe kwamba hazikutiwa sukari.

Kumbuka kwamba nyuzinyuzi bila maji ni kazi bure. Mhimize mzee anywe maji tangu asubuhi hadi alasiri, ili usiku asisumbuke. Vilevile, utumbo huamka baada ya chakula. Basi aende chooni mara baada ya kiamsha kinywa, kila siku, bila haraka wala kugongewa mlango. Kama anatumia choo cha kukalia, mwekee kibago kidogo cha kuegemeza miguu, magoti yainuke kana kwamba anachuchumaa. Choo chetu cha kuchuchumaa, tulichokidharau, kumbe kilikuwa na hekima yake.

Hata hivyo, tunda hili halimfai kila mtu. Mwenye maradhi ya figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asizile kabla ya kumwuliza daktari wake, kwani zina potasiamu nyingi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo wafarini naye aulize, kwa sababu vitamini K iliyomo yaweza kuvuruga kipimo cha dawa. Mwenye kisukari anaweza kula chache, kwa kuwa sukari yake huingia katika damu polepole, lakini azihesabu katika chakula chake cha siku. Mama mjamzito ambaye choo kimefunga kwa ajili ya vidonge vya madini ya chuma asiviache. Ale plamu, anywe maji na amweleze muuguzi wa kliniki.

Na watoto? Mtoto aliyetimiza mwaka anaweza kupewa plamu moja iliyolainishwa na kukatwakatwa, isije ikamkaba. Lakini aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Mtoto anyonyaye anaweza kukaa siku kadhaa bila choo naye akawa mzima kabisa, mradi tumbo ni laini na anaongezeka uzito. Tafadhali usimtie maji ya sabuni wala dawa za miti kwa njia ya nyuma. Kama ana wasiwasi wowote tumboni, mpeleke zahanati.

Huenda msomaji unasema, "Plamu za ng'ambo nitazipatia wapi, na karo ya shule haijalipwa?" Usijali. Papai lililoiva, maharagwe, ndengu, sukuma wiki, viazi vitamu na ugali wa unga usiokobolewa vyote vina nyuzinyuzi. Vikiliwa kila siku pamoja na maji ya kutosha, wengi hawatahitaji hata hiyo plamu. Familia ambayo haili ila mkate mweupe na chipsi ndiyo inayojitafutia safari ya dukani kununua haluli.

Mwisho, lipo jambo ambalo plamu haitatibu. Damu ikionekana katika choo, mtu akikonda bila sababu, au mwendo wa choo ukibadilika ghafla kwa aliyevuka miaka 50, nenda hospitali upimwe, kwani saratani ya utumbo mkubwa hujificha nyuma ya dalili hizo hizo, na ikigunduliwa mapema hutibika. Tumbo likivimba na kuuma sana, mgonjwa akatapika na hata upepo usitoke, huo si uyabisi wa kawaida. Usimpe plamu wala sanamaki. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Basi leo, baada ya chakula cha mchana, mkae karibu mzee wako umwulize kwa heshima, pasipo watoto kusikia: "Mama, choo kinatoka vizuri?" Pengine atacheka, pengine atakukemea. Lakini akijua kwamba jambo hilo lasemeka nyumbani mwako, kesho hatamtuma mjukuu dukani kwa siri.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia afya njema.