Fungu Lisifunguliwe Bila Sababu

Neno la Mhariri

Toleo hili linahusu jambo ambalo mafundi wa mitandao hulitumia kila siku na kulijadili kwa nadra: laini kadhaa zilizofungwa pamoja zikafanya kazi kama laini moja. Poti nne za gigabiti 10 zikiunganishwa kwa itifaki ya LACP, itifaki za njia kama OSPF na IS-IS huona laini moja ya gigabiti 40. Uzuri wa fungu hili la laini ni kuficha mambo. Poti moja ikizimika njia haivunjiki, na ruta za mbali hazina habari.

Kuficha huko kuna gharama. Mtiririko mmoja wa data hupitishwa kwenye laini moja tu ya fungu, ili pakiti zisifike zikiwa zimepishana. Ndiyo maana mteja anaweza kulalamikia kasi ndogo huku grafu ya fungu zima ikionyesha nafasi tele. Au tuseme laini tatu huchukua milisekunde 5, na ya nne imehamishiwa mkongo wa akiba wenye njia ndefu, sasa inachukua 9. Mfumo unaopanga njia kwa kuangalia ucheleweshaji hautalijua hilo, maana umeambiwa laini ni moja.

Kwa sababu hizo itifaki za njia zilipanuliwa. RFC 8668 ya Desemba 2019 iliiwezesha IS-IS kutangaza kila laini iliyomo ndani ya fungu, sifa zake na lebo yake. RFC 9356 ya Januari 2023 ikafanya hivyo kwa OSPF. Leo fundi, kwa kutumia lebo hiyo, anaweza kutuma pakiti ya majaribio ipite laini ile ya nne hasa. Hayo ni maendeleo na hatuyapingi. Tunachopinga ni mazoea ya kuwasha kila kitu kilichokuja na programu mpya.

Itifaki hizi hueneza habari kwa ruta zote za eneo moja. Kutangaza laini ya ndani maana yake ni kwamba iko hai. Ikizimika, sharti tangazo liondolewe. Sasa chukua kiunganishi cha faiba kilicholegea kwenye poti moja, laini inapanda na kushuka usiku kucha. Zamani usumbufu huo uliishia kwa ruta mbili zilizo kwenye ncha za mkongo. Fungu likishafunguliwa, yaani laini zake zikitangazwa moja moja, kila mpando na kila mshuko hupelekwa kwa ruta zote za eneo, hata pale ambapo hesabu ya njia haibadiliki.

Kuna hatari ya pili. LACP ikiwekwa kwenye mwendo wa polepole hutuma ujumbe kila sekunde 30, na husubiri sekunde 90 kabla ya kuitoa laini isiyojibu. Mwanga ukiwa bado unaonekana kwenye poti, laini iliyokufa inaweza kutangazwa kuwa hai muda wote huo. Anayetaka kutangaza laini moja moja aanze basi kwa kuzipima moja moja kwa itifaki ya BFD, kama RFC 7130 inavyoelekeza tangu 2014, na aweke muda wa kusubiri kabla ya laini iliyorudi kutangazwa upya.

RFC 9356 inataka utangazaji huu uwe umezimwa tangu mwanzo, uwashwe kwenye laini zilizochaguliwa tu. Tunauunga mkono msimamo huo, na tunashauri wanaotumia IS-IS waufuate pia. Kama haja ni orodha ya vifaa na hali ya poti, mfumo wa usimamizi uichukue kutoka kwenye ruta husika; itifaki ya njia isigeuzwe ghala.

Msomaji, kabla hujaandika amri ya kuwasha, andika kwanza kwenye fomu ya mabadiliko jina la programu itakayosoma taarifa hizo na laini inazozihitaji. Ukikosa cha kuandika, liache fungu lilivyo.