Ukichacha wewe, maharage yasichache

Mimi mwenzenu nipo, Malinyi hapahapa, joto linanikaanga bila mafuta.

Tarehe ndiyo hizi. Mshahara uko mbali kama Songea kwa njia ya porini, na najua wasomaji wangu wengi saa hizi mmechacha. Usibishe. Yule aliyekuwa anaita nyama choma kwa sauti tarehe 2, leo anauliza kwa kunong'ona chipsi kavu ni bei gani. Sasa badala ya kuwazimia simu wanaokudai, washa jiko tupike maharage.

Nasikia mguno kuanzia Sinza mpaka Kihonda. Maharage! Nawaelewa. Aliyesoma bweni anayakumbuka yale ya kwenye pipa, maji mengi, punje za kuhesabu, na mdudu mmojammoja anaogelea kama yuko Kigamboni siku ya Iddi. Lakini punje zenyewe zilikosa nini, jamani? Mapishi ndiyo yalikuwa kimeo. Leo nataka uyajue kwa mtindo wa Meksiko, ile nchi mliyozoea kuililia machozi kwenye tamthilia za mapenzi. Kule sufuria ya maharage inapikwa leo, kesho inageuzwa kitu kingine, keshokutwa inageuzwa tena, na wala husikii mtu akinuna kwamba kila siku ni kilekile. Kwa mtu aliyechacha hiyo ni dawa: mkaa wa siku moja, chakula cha siku tatu.

Na kabla hujasema nakuletea mambo ya watu, ngoja nikupe stori kidogo. Maharage asili yake ni huko huko. Watu wa Meksiko na wale wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, waliyalima maelfu ya miaka kabla meli za Wareno hazijayavusha bahari na kutuletea pwani yetu, kuanzia karne ya 16. Mahindi, nyanya na pilipili nazo zilitoka upande huohuo wa dunia. Kwa hiyo ukikaa chini na ugali wako, maharage, na kachumbari ya nyanya yenye pilipili, sahani nzima ni ya kule, kasoro kitunguu na chumvi. Tumekula Kimeksiko miaka yote bila kuambiana.

Aina wanayoipenda sana kaskazini mwa Meksiko inaitwa pinto. Kwa Kihispania neno hilo ni kama kusema la madoadoa, na ndivyo lilivyo: rangi ya krimu, madoa ya kahawia, kama yai la kware. Wakenya wanalo la jamii hiyo, wanaliita Mwitemania, linalimwa sana sehemu zao zenye mvua haba. Kwetu nenda gengeni useme unataka ya madoadoa, muuzaji atakuelewa. Ukikosa, chukua ya njano au Kablanketi, hakuna atakayekukamata. Ila ujue kwamba pinto likiiva madoa yote yanayeyuka, linabaki kahawia tupu. Usirudi gengeni kugomba eti umeuziwa feki.

Sasa hapa kwenye kuchagua ndipo watu wanapopigwa. Bonde letu la Kilombero ni la mpunga. Maharage yanapenda ubaridi, kwa hiyo mengi tunayokula huku yanashuka kutoka milima ya Mahenge au yanakuja kwa lori kutoka Iringa na Mbeya. Tangu daraja la Mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018, lile la mita 384, angalau lori haliozei tena kwenye foleni ya pantoni pale Ifakara. Lakini likishafika, gunia linakaa dukani, kwenye joto na unyevu wa bonde, mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita. Maharage yaliyokaa hivyo yanakuwa sugu. Ndani ya punje mambo yanabadilika, ganda linagoma kupitisha maji, na hapo hata ukichemsha toka adhuhuri mpaka taarifa ya habari ya saa mbili, bado yanaruka kwenye meno kama kokoto. Dar na Tanga ni hadithi hiyohiyo, joto halina ubaguzi. Pinto lenyewe lina uungwana wa kukuonyesha umri wake: likiwa jipya ni jeupe la maziwa, likizeeka linaingia wekundu na weusi. Chukua jeupe. Muulize muuzaji ni ya msimu huu? Akianza kucheka, nenda genge la pili.

Nasisitiza hivyo kwa sababu, tuseme ukweli, kinachotumaliza siyo bei ya maharage. Ni mkaa. Nusu kilo ya maharage sugu inaweza kukulia kopo juu ya kopo mpaka ukajuta kwa nini hukununua nyama. Na huo mkaa unatoka kwenye misitu ileile inayotulindia maji ya hili bonde. Serikali nayo ilitoa mkakati wake wa nishati safi mwaka 2024, inataka ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Vizuri sana. Lakini wewe mpangaji wa chumba kimoja mtungi umeisha leo, siyo mwaka 2034.

Kuna kijana jirani yangu hapa, kaletwa na kazi ya duka kutoka Dar, hajamaliza hata miezi miwili. Asubuhi supu na chapati mbili, mchana soda na keki, jioni chipsi mayai kibandani, na kachumbari ya kuongeza. Tarehe 15 mfuko mweupe. Juzi kanifuata anajikuna kisogo: "Kaka, kuna jamaa wanakopesha fasta, hawana maswali. Naomba unidhamini." Nikamuuliza riba. Alivyoitaja nikatafuta stuli nikakaa. Ni ile mikopo inayoitwa kausha damu, na bwana mdogo alikuwa tayari kukaushwa damu kwa ajili ya chipsi! Hela sikumpa, maana na mimi nimechacha vilevile. Nilimpa nusu kilo ya maharage ya madoadoa na sufuria yenye mfuniko unaobana, nikamwambia njoo usiku tuloweke.

Kuloweka ndiyo nusu ya kazi, na ni bure. Chambua kwanza, toa mawe na yaliyotobolewa, osha, tia maji mengi kwa sababu yatavimba mara mbili, weka na kijiko kidogo cha chumvi. Ndiyo, chumvi. Bibi zetu walituambia chumvi inayafanya yawe magumu, lakini kwenye maji ya kulowekea inasaidia kulilainisha ganda. Yaache usiku kucha, saa nane mpaka kumi na mbili. Kwenye joto kama la kwetu yaweke mahali penye ubaridi na ubadilishe maji kabla ya kulala, la sivyo asubuhi utakuta povu na harufu ya pombe. Kukikucha mwaga maji hayo, usiyapikie. Yanaondoka na sehemu nzuri ya ile gesi inayowafanya watu wayakwepe maharage siku ya kwenda kumwona mchumba.

Tia maji mapya, yapite juu ya maharage vidole vinne. Kitunguu kimoja kizima ukikate katikati, punje tatu nne za kitunguu swaumu, mafuta kijiko kimoja. Moto mkali! Yachemke kwelikweli, yarukeruke, dakika kumi zisizopungua. Hapa sitanii. Maharage mabichi yana sumu yake ya asili, mekundu yamezidi lakini haya nayo yamo, na sumu hiyo inakufa kwa mchemko tu. Moto wa kubembeleza usiochemsha hauiui, unaweza hata kuiongeza nguvu. Wanaokula maharage yaliyoiva nusu wanaanza kutapika baada ya saa chache, kisha tumbo linafungulia, na lawama anaangushiwa jirani kwamba kamroga mtu. Baada ya hizo dakika kumi punguza moto, funika, yatokote taratibu saa moja mpaka saa moja na nusu. Chumvi kamilisha yakikaribia kuiva.

Na nyanya? Weka mbali! Ndimu pia. Uchachu ukiingia mapema ganda linakaza na umepoteza mkaa wako bure. Nyanya inaingia maharage yakishalainika, siyo dakika moja kabla. Kuhusu magadi, najua yanalainisha haraka, lakini yanaua vitamini B1 na yanaacha ladha ya sabuni. Kama maji ya kisima chenu ni ya chumvichumvi weka chembe tu ya kubana na vidole viwili, yaishe.

Yakiponyeka kwa ulimi bila jino kufanya kazi, umefika. Hiyo ndiyo siku ya kwanza, Wameksiko wanayaita frijoles de la olla, yaani maharage ya chungu. Kunywa na supu yake kwenye bakuli, juu nyunyiza kitunguu kibichi, giligilani na ndimu. Sisi tunayamwagia kwenye wali wa Kilombero unaonukia mpaka nyumba ya tatu. Na wali na maharage siyo ndoa ya shida kama mnavyodhani: protini inayopungua kwenye mchele iko kwenye maharage. Ile ndimu nayo inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma, ila chai ya rangi usiifuatishe papo hapo, inayazuia. Subiri saa moja.

Siku ya pili ndiyo shibe yenyewe. Frijoles charros, maharage ya wachunga ng'ombe. Hao wa kwao wanapanda farasi. Hapa Malinyi wachungaji na ng'ombe tunao wa kutosha, farasi ndio hatuna. Kaanga kitunguu, swaumu, hoho, halafu nyanya tatu mpaka ziwe rojo. Tia binzari nyembamba nusu kijiko cha chai, ndiyo inayoleta ile harufu. Pilipili mbuzi iingie nzima bila kupasuliwa, ni ndugu wa damu wa habanero yao, tena ukali wamegawana sawasawa. Kule wanaongeza nyama ya nguruwe ya moshi. Wapenzi wa kitimoto hawahitaji somo langu. Sisi wengine tunachotafuta ni ule moshi, na mimi nauchukua kwa kambale mkavu kutoka mtoni, kipande cha kiganja, nakiosha kwa maji ya moto, natoa miiba, nakimenyamenya ndani. Mmeksiko akiona atashangaa, halafu ataomba aongezwe. Mwaga humo nusu ya maharage yaliyobaki na supu yake, yachemke robo saa.

Siku ya tatu chukua yaliyobaki, chuja supu uiweke pembeni. Mafuta vijiko vitatu kwenye kikaango, kitunguu kiwe kahawia, mwaga maharage, yasage kwa mwiko au mchi wa kinu hukohuko kwenye moto, ukirudisha supu kidogokidogo mpaka yawe uji mzito. Frijoles refritos. Paka kwenye chapati, weka kachumbari na parachichi, kunja. Wao wanakunjia kwenye tortilla, mkate mwembamba wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Chapati haina haja ya kuona aibu mbele yake. Yule kijana wangu siku hiyo alizileta chapati mwenyewe, nne, mbili akaniachia. Habari ya mkopo hajaigusa tena na mimi sijamkumbusha.

Kwa asiye na friji, na ndio wengi wetu, sikiliza. Maharage yanachacha haraka kuliko mfuko wako. Yachemshe mpaka kati asubuhi na yachemshe tena jioni, mfuniko usiufunue ovyo, wala usichovye mwiko uliotoka kwenye ugali. Kwenye joto letu siku ya tatu ndiyo mwisho. Yakitoa povu na utelezi, mwaga, hata kama roho inauma.

Ukitaka kubana mkaa zaidi, tengeneza kapu. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika ishirini, halafu sufuria ikiwa bado inatokota na mfuniko wake, izamishe kwenye kapu au boksi lililojaa pumba za mpunga, funika juu kwa mto au blanketi zito. Nenda kazini. Baada ya saa nne hivi utakuta yamelainika bila kaa hata moja. Yarudishe motoni yachemke kabla ya kula. Kama bado yana ugumu, robo saa inatosha. Pumba kwetu ni bure kwenye mashine za kukoboa, ila ziwahi asubuhi. Wachoma tofali wakitangulia, hawakuachii hata za kujaza kofia.