Tuahidi Tunaloliweza

Twamjua sote fundi cherehani apokeaye vitambaa vya watu ishirini katika wiki ya mwisho ya Ramadhani, akamwambia kila mmoja, "Njoo kesho, utaikuta tayari." Idi hufika, watoto huvaa nguo za mwaka jana, na mlango wa fundi hukutwa na kufuli. Watu hucheka, lakini mzazi aliyelipa hacheki. Ugonjwa huo sasa umeingia katika kazi mpya, kazi ya vijana wetu wanaotengeneza tovuti na kuwatangazia watu biashara zao katika intaneti. Twaona yafaa tuuseme waziwazi kabla haujaota mizizi.

Kazi hiyo si mchezo. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Tangu hapo vijana wengi wamepata humo riziki ya halali. Chama kilichowafundisha watu wake maneno "Uhuru na Kazi" hakiwezi kulidharau jasho la kijana akeshaye mbele ya kompyuta mpaka alfajiri. Kwa hiyo tunapoonya, twaonya kama ndugu.

Tuchukue mfano. Tuseme chama cha ushirika cha akiba na mikopo chataka tovuti. Katibu amwita fundi na kumweleza haja yake kwa maneno machache. Fundi, kwa kuogopa kazi isije ikaenda kwa mwingine, ajibu, "Haina shida, wiki mbili." Hapana aliyeuliza ni kurasa ngapi zitakazotakiwa, nani ataandika maneno, wala nani ataleta picha. Hapana aliyeuliza kama mwanachama atasoma humo matangazo tu, au ataweza pia kuona akiba yake. Nayo hayo ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni sawa na ubao wa matangazo. La pili lataka tovuti iunganishwe na vitabu vya hesabu, na siri za kila mwanachama zilindwe. Katibu alikuwa na ghorofa kichwani mwake, fundi alikuwa na kibanda, na bei waliyopatana ilikuwa bei ya kibanda.

Wiki mbili zapita na picha hazijaletwa. Kila mjumbe wa bodi ataka rangi yake. Mwezi wa tatu fundi hapokei simu, na katika mkutano mkuu wanachama wauliza fedha yao imekwenda wapi. Hapo hapana mwizi. Katibu ni mtu mwema, na fundi aijua kazi yake. Kilichokosekana ni saa moja ya maneno ya kweli siku ya kwanza, na karatasi moja ya kuyaandika.

Ahadi mbaya kuliko zote ni zile za matangazo. Mwenye duka huahidiwa kwamba jina lake litakuwa la kwanza kila mtu atafutapo bidhaa katika Google. Google wenyewe, katika maelezo yao kwa wenye tovuti, wameandika kuwa hakuna awezaye kudhamini nafasi hiyo. Mpangilio ule ni wao, nao hubadilika, na washindani wa mwenye duka hawakulala. Kazi ya kweli hapa yafanana na kilimo: kuifanya tovuti ifunguke upesi katika simu, kuandika maneno ambayo wanunuzi huyatafuta, kuweka anwani na saa za kazi zilizo sahihi. Mavuno yake huja baada ya miezi. Matangazo ya kulipia yaweza kuonekana siku hiyo hiyo, lakini fedha ikiisha nayo hutoweka. Wala watu elfu kumi kuliona tangazo si watu elfu kumi kununua. Fundi aweza kumleta mnunuzi mpaka mlangoni. Ikiwa bidhaa ni mbovu, au simu ya dukani haipokelewi, hilo si la fundi.

Lakini tusimlaumu fundi peke yake. Wapo wateja ambao kila wiki husema, "Ongeza kidogo tu," mpaka kidogo kikawa kazi ya pili isiyo na malipo. Wapo waombao bei ya udugu, kisha wakadai kazi ya bei ya mgeni. Kumfanyisha mtu kazi ya ziada bila ujira ni kumnyonya, hata kama anayenyonya ana kadi ya Chama mfukoni.

Basi dawa ni nini? Wazee walikwisha sema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiyakatai makubaliano yote ya mdomo, lakini maneno ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha watu wakigombana. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yatambua mikataba iliyofungwa kwa njia hiyo, kwa hiyo hata walio mbali hawana udhuru.

Karatasi iseme kazi ni ipi na inaishia wapi. Iseme mteja ataleta nini na kwa tarehe gani, maana akichelewa yeye, na kazi itachelewa. Iseme marekebisho yatafanywa mara ngapi, na nyongeza italipiwa kiasi gani. Malipo yaende kwa mafungu, kila hatua na fungu lake. Jina la tovuti liandikishwe kwa mteja mwenyewe, na maneno ya siri akabidhiwe kazi iishapo. Na aambiwe mapema kuwa kuna ada ya kila mwaka. Mwisho, yaandikwe yale yasiyo katika uwezo wa yeyote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopata taabu kubwa. Hapana fundi awezaye kulaumiwa kwa siku kama hiyo.

Twawaomba viongozi wa ushirika na wa matawi wasitie fedha ya wanachama katika kazi ambayo hawajaielewa. Kuuliza si aibu. Na vijana wetu twawaambia wajifunze kusema "Hili siliwezi," au "Hili lataka miezi sita." Mteja mmoja aweza kuondoka kwa kuambiwa kweli. Lakini mteja aliyedanganywa haondoki peke yake. Huenda na jirani zake wote, na kesho hapana atakayemwamini kijana mwingine aliye hodari na mkweli.

Ahadi ni deni. Asiye na uwezo wa kulilipa asilikope.