Mtoza kodi abishe hodi kwanza

Hapa Beni wakaaji wengi hawakatai kulipa kodi. Kinachowachukiza ni namna wanavyotembelewa: mtu anaingia uani bila hodi, sauti juu, hasemi jina wala ofisi yake, anadai feza mkononi.

Ndugu wasikilizaji, tujue haki yetu. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 29, inakataza kuingia ovyo nyumbani kwa mtu. Lazima sheria ifuatwe. Kifungu cha 174 kinasema kodi inawekwa na sheria tu.

Basi mtumishi wa kodi abishe hodi, aonyeshe kadi ya kazi na barua iliyomtuma, aeleze ni kodi gani. Feza ipite banki, risiti itoke. «Nipe kidogo nikuache» si kodi, ni wizi.

Familia za wahami zinaumia zaidi. Kodi ya mapato ya nyumba inatoka kwa feza ambayo mwenye nyumba anapata kwa kupangisha. Mama aliyekimbia vita, akapokelewa bure na jamaa, atalipia mapato gani?

Ni kweli, bila kodi barabara hazitengenezwi. Lakini raia anayeheshimiwa analipa. Anayetishwa anafunga mlango. Wakubwa wa ofisi za kodi wapeleke majina ya watumishi wao kwa mashefu wa mitaa. Na wewe, ukifikiwa na mtu asiye na barua, usigombane naye: ita jirani na shefu wa avenyu, kabla ya kutoa hata franga moja.