Karantini ya Nairobi na Swali la Gharama

Tarehe 22 Machi 2020, Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba safari za ndege za kimataifa zingesitishwa usiku wa tarehe 25, na kwamba kila aingiaye nchini angekaa karantini ya lazima, kwa gharama yake mwenyewe, katika kituo kilichoteuliwa na Serikali. Wenye uwezo walichagua hoteli; wengine walilala katika mabweni ya vyuo.

Kiafya, agizo lilikuwa na msingi, kwani virusi vya korona hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya dalili kuonekana. Uzito ulikuwa katika malipo. Mkazi wa Nairobi aliyejiandaa kwa siku 14 aliweza kuongezewa nyingine 14 iwapo mwenzake kituoni alipatikana na maambukizi, ilhali nyumbani kwake ni safari ya matatu moja tu. Anayezuiliwa kwa ajili ya usalama wa wote hapaswi kuubeba mzigo huo peke yake.

Tarehe 6 Mei, Serikali ilitangaza kwamba ingegharimia karantini katika vituo vya umma. Kwa waliokwisha kulipa na kutoka, nafuu hiyo ilikuwa imechelewa.