Nani Atalipia Utafiti wa Busia?

Mtu apitaye Mundika siku ya Jumamosi, katika majira ambayo barua za kuitwa vyuo vikuu zimekwisha kutoka, aghalabu hakosi kuona hema limetandwa uani pa nyumba fulani, viti vya plastiki vimepangwa, mgeni rasmi ameketi mbele na bahasha yake mfukoni, na mshereheshaji anasoma kwa sauti majina ya waliotoa, huyu shilingi mia mbili, yule elfu moja, huku jogoo aliyeletwa na bibi mmoja akinadiwa kwa mara ya tatu, kwa kuwa kila amnunuaye humrudisha apate kunadiwa tena. Na jua likichwa, kijana wa jirani huwa amekwisha kupata karo ya muhula wa kwanza na nauli ya kumfikisha Eldoret au Maseno. Huu ni ukarimu wa kweli, wala sina nia ya kuudharau, maana wengi tunaoshika kalamu leo tumesomeshwa nao.

Lakini ukarimu huu wetu umezoea kutazama vitu viwili tu, mtu tunayemjua kwa sura na ukuta tunaoweza kuugusa kwa mkono. Kakamega, katika miaka ya 1970, wananchi wa Magharibi walichangia chuo kilichojulikana kwa jina la WECO, ambacho tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na hiyo ni fahari yao hata leo. Kuta zikaezekwa na watoto wakaingia madarasani. Ama kazi ile nyingine ya chuo kikuu, yaani kuchunguza jambo lisilojulikana hata lijulikane, hiyo hatujapata kuifanyia harambee, na sidhani kama yupo jogoo aliyewahi kunadiwa ili inunuliwe dizeli ya jenereta ya kuzuia sampuli za damu zisiharibike umeme ukatikapo usiku.

Nalisema hili kwa sababu suala la utafiti si geni kwetu mpakani. Ukitoka mjini Busia kwa matatu ya Malaba, hukawii kufika Alupe, ambako katika miaka ya 1950 jumuiya ya hisani ya Uingereza iliyoshughulikia wagonjwa wa ukoma, BELRA, ilikiwezesha kituo cha utafiti wa maradhi hayo kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Leo pana kituo cha taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, KEMRI, na karibu nacho Chuo Kikuu cha Alupe, kilichoanza kama tawi la Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati yake mwaka 2022. Basi mahali tunapo, na wasomi tunao. Tusichokuwa nacho ni fedha ya kwetu wenyewe ya kuwaambia wasomi hao, chunguzeni hili.

Na ajabu ni kwamba ithibati ya kuwa utafiti hauna budi kulipiwa kwa hisani ilipatikana papa hapa, katika shule za msingi za Budalangi na Funyula. Mwaka 1998 shirika la Kiholanzi la ICS lilianza kuwapa watoto dawa za minyoo katika shule 75, nao wanauchumi wawili, Michael Kremer na Edward Miguel, wakazigawa shule hizo mafungu matatu, la kwanza likapata dawa mwaka huo, la pili mwaka uliofuata, na la tatu mwaka 2001, ili ipate kupimwa tofauti baina ya waliomeza na waliokuwa bado. Utoro ulipungua kwa robo. Lililokuwa na uzito zaidi ni kwamba hata watoto wasiomeza kidonge, katika shule zile zile na katika shule za jirani, walipungukiwa na minyoo, kwa kuwa mwenzao aliyetibiwa hakuwa tena akieneza mayai ya minyoo uwanjani na mtoni. Wataalamu walikuja kuzigombania sana hesabu hizo mwaka 2015, na makosa kadhaa yalisahihishwa, ila faida ya jirani haikufutika.

Kisha, mwaka 2001, wazazi wa baadhi ya shule wakaombwa wachangie kidogo gharama ya dawa, kadiri ya senti thelathini za dola kwa kila mtoto; na papo hapo idadi ya waliotibiwa ikaporomoka kwa asilimia 80. Wapo waliosema kwamba wazazi wa Busia ni wajinga au wabahili. Mimi nasema walikuwa watu wa kawaida: nani atoe fedha yake kwa dawa ambayo sehemu kubwa ya faida yake inakwenda kwa mtoto wa jirani, ilhali jirani naye akitoa, mwanangu atapona bure? Mambo ya namna hiyo, ambayo heri yake humwagika nje ya mkono wa mlipaji, hayauziki sokoni. Ama serikali iyabebe, ama mtu ayatoe kwa ajili ya Mungu na watu. Utafiti ni wa namna hiyo hiyo, na pengine kuzidi hapo, kwani dawa humfaa mwenye kuimeza leo, bali jibu la mtafiti huwafaa watu ambao bado hawajazaliwa.

Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na fedha za tuzo hiyo wakazitoa zote kwa Mfuko wa Weiss, uliokuwa wakati huo ukisimamiwa na Chuo Kikuu cha Harvard, ili zigharimie utafiti wa umaskini ulimwenguni. Ni tendo jema, nami nawavulia kofia. Hata hivyo sikuweza kuzuia kicheko nilipowaza kwamba elimu iliyochimbwa katika matope ya Budalangi imekuwa amana huko Marekani, na mwanafunzi wa Alupe akitaka sehemu yake hana budi kuiandikia maombi ng'ambo ya bahari.

Tusimlaumu mfadhili kwa kuchagua swali, maana alipaye ndiye achaguaye, na mara nyingine amechagua vizuri kupita kiasi. Wakulima wetu wanaoteswa na kiduha, gugu lile lenye maua ya zambarau linalofyonza mahindi hata yakanyauka, wengine wameokolewa na kilimo cha kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na majani ya tembo pembezoni, ambacho kilibuniwa na kituo cha icipe, alichokiasisi Thomas Odhiambo mwaka 1970, kwa fedha za mfuko wa hisani wa Gatsby wa Uingereza. Watafiti wale walikuwa wakimtafuta mdudu atobaye mabua; kiduha kilidhoofika bila wao kutazamia. Hayo hutokea pale tu mtoaji anapokuwa na subira, asidai ripoti ya ushindi kila baada ya miezi mitatu. Na mfadhili wa mbali ana udhaifu usiotibika, kwamba anaweza kuondoka: mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya nchini ilikatika kama uzi.

Watu wa pwani wanayo tangu kale dawa ya udhaifu huo, nayo ni wakfu: mtu hulifunga shamba lake au nyumba yake, shina lisiuzwe wala lisirithiwe, na mazao yake yagharimie msikiti au madrasa daima. Hata ghairi ya wakfu wa sheria, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, iliasisiwa kwa hisani ya Sultani Khalifa bin Haroub wa Unguja, Aga Khan na jamaa ya Mabohora, pamoja na fungu la serikali ya kikoloni. Wala jambo hili si la Waislamu peke yao. Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa aliyefariki London mwaka 1936, aliusia kampuni yake iwe mikononi mwa wadhamini na faida yake iende katika utafiti wa tiba. Na kwa mali hiyo, miaka 53 baadaye, ukaanzishwa Kilifi, kwa ushirikiano na KEMRI, mradi wa utafiti wa malaria unaoendelea hata sasa.

Hatuna Wellcome hapa Mundika, lakini tunayo hesabu. Tuseme watu elfu kumi, mawakala wa forodha wa Malaba, wenye malori, akina mama wa omena na mitumba wa Busia, walimu, na watoto wetu walioko Nairobi na ughaibuni, watoe shilingi elfu moja kila mmoja, mara moja tu. Zitakuwa milioni kumi, nazo zikiwekwa katika hati fungani za serikali kwa faida ya asilimia kumi, zitazaa milioni moja kwa mwaka, na sehemu yake ikirudishwa kwenye mtaji usiliwe na mfumuko wa bei, zitabaki za kumlea mwanafunzi mmoja au wawili wa uzamili wa kuchunguza kiduha, mihogo yetu, au biashara ndogo ya mpakani.

Najua jibu nitakalopewa, kwamba fedha zitaliwa. Ni hofu ya haki, kwa watu walioona harambee nyingi ambazo hesabu yake haikusomwa tena baada ya hema kukunjwa. Ndiyo maana wadhamini wasiwe wanasiasa wala wakubwa wa chuo, hesabu ikaguliwe na mtu wa nje na isomwe kila mwaka kanisani, msikitini na katika baraza la chifu, na hati ya mfuko huo ikataze katakata mtaji usiguswe, na hata hiyo faida isijenge jengo, wala lango, wala ukumbi wa kubandikwa jina la mtu.